Goti la namba tisa wetu: tumngoje ao tumharakishe?



Tangia mwezi wa sita ulizo ni moja tu ku masomo. Linasikika wakati wa mapumziko, linasikika pale bombani, linasikika hata katika mstari wa asubuhi wakati bendera haijapanda bado: «Ule namba tisa atacheza sezoni inakuya, ao hapana?» Wengine wanasema atacheza, juu wamemwona anatembea bila fimbo. Wengine wanasema amekwisha, tutafute mwingine. Na kuko wale wanaosema: «Mumupashe tu dawa, akande goti, mwezi wa kumi atafunga magoli.»

Mimi nasema wazi, hata kama nitachukiwa: sezoni inayokuja namba tisa wetu asicheze hata dakika moja. Najua kama anaingia ya sita, na kama kusema hivi ni kusema kwamba hatavaa tena jezi ya masomo yetu. Nimefikiri sana juu ya ile. Lakini tusome mpaka mwisho, kisha kila mtu apime mwenyewe.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyopita, maana kelele imekuwa mingi na watu wamesahau. Mwezi wa tatu aligeuka na mpira, hakuna mtu aliyemgusa, goti likalia «ka!» wote tukasikia. Saa mbili nyuma lilikuwa limevimba kama papai. Majuma matatu akarudi ku kiwanja, juu sisi tulikuwa tunaita jina lake kila siku. Mwezi wa tano goti likaponyoka tena. Mwezi wa sita, kwa baridi na vumbi, ku udongo mgumu kama simenti, likaponyoka mara ya tatu, na tukamrudisha kwao ku kinga, mmoja anasukuma na mwingine anamshika. Munganga wa Likasi alivuta lile goti, akalisukuma, akasema kano ya mbele ndani ya goti inaonekana imekatika. Akasema inafaa aende kupigwa picha Lubumbashi kusudi wajue vizuri.

Sasa tuelewe hii kano ni kitu gani. Ndani ya goti kuko kano mbili zinazopitana kama msalaba. Ile ya mbele inazuia mfupa wa muundi usiteleze mbele wakati unasimama ghafula ao unageuka. Ikikatika, mtu anaweza kutembea vizuri, anaweza hata kukimbia mbio ya moja kwa moja. Ndiyo maana watu wanadanganyika. «Muone, anatembea!» Ndiyo, anatembea. Lakini mpira si kutembea. Mpira ni kugeuka. Na siku anageuka, goti linaponyoka, na kila mara linapoponyoka linaharibu kitu kingine ndani: ile mito midogo inayokaa kati ya mifupa inapasuka, mfupa unaanza kusagana na mfupa. Goti la mtu wa miaka kumi na nane linakuwa goti la muzee.

Na tena, hii kano ikikatika yote, haijiungi yenyewe sawa mfupa unavyojiunga. Picha ya radio ya kawaida inaonyesha mifupa, kano haionyeshi. Kwa kano inatakiwa ile mashine kubwa inayoitwa irm. Mtu anayetaka kurudi ku michezo ya kugeuka, mara nyingi waganga wanampasua na kumwekea kano mpya, wanaitoa ku mwili wake mwenyewe, nyuma ya paja ao mbele ya goti. Kuko watu wanaoishi bila kupasuliwa, wanatia nguvu ku misuli ya paja na wanafanya kazi yao muzuri. Lakini mpira wa mashindano bila kano ni mchezo wa bahati.

Mji wetu unaitwa Kakanda, lakini si kila goti ni la kukanda. Goti lililovimba leo, ukilikanda leo na maji ya moto, unaongeza uvimbe. Siku za kwanza ni maji baridi, kupumzika, kuinua mguu. Nasema hili bila kuzarau wazee wetu, juu wao pia wanajua mengi. Lakini mikono haiwezi kushona kano iliyokatika ndani.

Watu watasema: «Wewe unatisha watu bule. Wachezaji wakubwa wanaumia na wanarudi.» Ni kweli, wanarudi. Tuwaangalie basi, mmoja mmoja, tuone walirudi namna gani.

Wa kwanza ni Shabani Nonda. Vijana wengi hawamjui, waulize kaka zao wakubwa. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1977, akacheza Yanga ya Dar es Salaam, akapitia Afrika ya Kusini, Uswisi, akafika Ufaransa, na timu ya taifa aliyochezea ni Kongo yetu. Sezoni ya 2002-2003, akiwa Monaco, alifunga magoli 26, akawa mfungaji wa kwanza wa ligi yote ya Ufaransa. Mwanzo wa sezoni iliyofuata, goti likaumia vibaya. Miezi na miezi hakuonekana. Alirudi mwaka 2004 wakati sezoni inaelekea mwisho. Tarehe 20 mwezi wa 4, Monaco inacheza na Chelsea katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, wako kumi tu ku kiwanja juu mmoja amefukuzwa, Nonda anaingizwa, na anafunga goli la tatu. Monaco 3, Chelsea 1. Fainali na Porto, tarehe 26 mwezi wa 5, akaingia tena kama wa kubadilisha. Monaco ikapoteza 3-0.

Hapa wapenzi wa haraka wanapiga mikono: «Unaona! Alirudi sezoni ile ile!» Ngoja. Muone vile walimrudisha. Kwanza kandokando, dakika chache chache, anaingia wakati wengine wamechoka. Monaco haikumwekea mzigo wa ekipe yote ku goti moja. Walikuwa na Morientes, walikuwa na Prso, walikuwa na Giuly. Na nyuma yake kulikuwa waganga, mashine, bwawa la maji la kufanyia mazoezi, na mshahara kila mwezi. Na hata na ile yote, tuseme ukweli: Nonda alicheza miaka mingi nyuma, Roma, Blackburn, Galatasaray, akawa bingwa wa Uturuki mwaka 2008, lakini magoli 26 kwa ligi hakufikisha tena. Goti linarudi, lakini halirudi sikuzote na vyote lilivyokuwa navyo.

Wa pili ni Yannick Bolasie, mwana wetu aliyezaliwa Lyon na kukomalia London. Mwezi wa 8 wa mwaka 2016 Everton ilimnunua kwa pesa mingi sana. Tarehe 4 mwezi wa 12 mwaka ule ule, katika mchezo na Manchester United, goti likakatika. Mwezi uliofuata ilikuwa Kombe la Afrika kule Gabon, Leopards wakafika robo fainali na wakashindwa na Ghana 2-1, yeye alikuwa nyumbani na mguu wake. Alirudi lini? Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 2017. Uhesabu mwenyewe: miezi kumi na miwili na juma tatu. Mtu wa Ligi ya Uingereza, na waganga wote wale, alingojea zaidi ya mwaka mzima. Na sisi tulimpa mwenzetu majuma matatu!

Na kisha je? Bolasie alizunguka timu mingi, Villa, Anderlecht, Sporting ya Lisbon, Middlesbrough, Uturuki, Swansea, na mwaka 2024 alikuwa bado anacheza ligi kubwa ya Brazil na miaka 35. Karibu miaka nane nyuma ya ile siku ya goti. Yule aliyengojea mwaka mmoja alipata miaka nane. Hii ndiyo hesabu ninayotaka tuifanye.

Wa tatu si Mkongomani, lakini nani hamjui? Ronaldo, yule Mbrazil. Mwezi wa 11 wa mwaka 1999 goti lake la kuume liliumia akiwa na Inter ya Milano, akapasuliwa. Haikupita hata miezi mitano: tarehe 12 mwezi wa 4 mwaka 2000 akarudishwa ku kiwanja katika fainali ya Kombe la Italia na Lazio. Aliingia kipindi cha pili. Hakumaliza dakika kumi. Alifanya chenga, mguu ukakataa, akaanguka peke yake akilia, na goti safari hii lilikuwa limeharibika kuliko mara ya kwanza. Alikaa nje zaidi ya mwaka. Halafu, alipopewa wakati wake, tuliona: Kombe la Dunia 2002, magoli 8, mawili katika fainali na Ujerumani. Goti ni moja, mtu ni mmoja. Kitu kilichobadilika ni saa waliyompa.

Kuko na utafiti pia, kwa wale ndugu wa sayansi. Mwaka 2016 watafiti wa Norwei na Marekani walitoa hesabu ya watu waliopasuliwa hii kano. Walikuta kwamba kila mwezi mtu anaochelewesha kurudi ku mchezo, mpaka ufike mwezi wa tisa, hatari ya kuumia tena inapunguka karibu nusu. Miezi tisa, na inahesabiwa tangia siku ya kupasuliwa, hapana tangia siku ya kuumia. Sasa tufanye hesabu yetu. Jamaa yake bado inatafuta pesa. Kama Mungu akisaidia apasuliwe mwezi wa kumi, miezi tisa inatufikisha mwezi wa saba. Mwezi wa saba masomo yamefungwa, kombe limekwisha kupewa. Ndiyo maana nimesema hata dakika moja. Si kwa ubaya. Kalenda yenyewe inasema.

Nasikia sauti nyingine, na hii ndiyo inaniumiza kuliko zote: «Lakini ni mwaka wake wa mwisho! Mumuachie acheze, akiumia ameumia, atakuwa na ukumbusho.» Ndugu yangu, ukumbusho gani? Yule mtoto anatembea kilometa nne kuja masomo na nne kurudi. Jumamosi anasaidia mama yake ku shamba. Mwaka kesho ataandika Egzamen d'Etat, na baadaye atatafuta kazi. Hapa kwetu, ku inchi ya migodi, kazi zinazopatikana kwa kijana ni kazi za kusimama, za kubeba, za kupanda ngazi. Nani atamwandika mtu ambaye goti linaponyoka akibeba mfuko? Bolasie alipoumia, mshahara ulikuwa unaingia kila mwezi. Mwenzetu alipoumia, mama yake aliuza mifuko miwili ya mahindi kusudi wafike Likasi. Na ile siku ya mwezi wa sita iliyolipwa na ile mahindi, sisi tulikuwa tumepiga ngoma na kuita jina lake.

Kuko na sauti ya tatu: «Bila yeye hatuna magoli. Tutapigwa mpaka tuhame.» Hapa nitawakumbusha jambo la kwetu Katanga. Mwaka 2010 Mazembe ilimpoteza Trésor Mputu. Haikuwa goti, FIFA ilimfungia mwaka mzima. Mputu! Yule aliyekuwa mchezaji bora wa CHAN ya 2009. Watu wa Lubumbashi walisema Mazembe imekufa. Na nini ikafanyika? Bila Mputu, Mazembe ikatwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika, ikaenda Abu Dhabi, ikapiga Internacional ya Brazil 2-0, ikawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu. Walishindwa na Inter 3-0, lakini dunia yote ilijua jina lao, na ilimwona Kidiaba akirukaruka ku matako yake. Ekipe isiyoweza kuishi bila mtu mmoja si ekipe, ni mtu mmoja na watu kumi wanaomtazama. Zaidi ya nusu ya magoli yetu ya mwaka uliopita yalikuwa ya namba tisa. Tunajivunia ile, lakini kwa kweli ni aibu yetu wengine kumi.

Basi ninapendekeza nini? Sitaki kukosoa tu kisha niketi. Nina mambo manne.

La kwanza, uamuzi wa kurudi usiwe wa wapiga kelele, wala usiwe wa mchezaji mwenyewe. Mchezaji mwenyewe hasemi hapana sikuzote! Watu mia tatu wanaita jina lako, utasema «goti linaniuma»? Utasema «niko muzuri». Iwe karatasi ndogo na majina matatu: munganga, mzazi, na mwalimu wa michezo. Jina moja likikosekana, mtoto anaketi.

La pili, tuwe na kipimo kinachoonekana na macho. Hakiombi mashine. Chora mstari na chaki, mchezaji aruke na mguu mzima peke yake, pima. Halafu aruke na mguu uliokuwa mgonjwa, pima. Mguu mgonjwa ukifika tisa kwa kumi ya mguu mzima, bila goti kutetemeka, hapo tunaanza kuongea. Waganga wa michezo wenyewe wanatumia kipimo hiki pamoja na vingine. Profesere wa hesabu atatusaidia kuhesabu. Na hii iwe kwa wote, dada zetu pia. Wanaocheza nzango na mpira wa kikapu wasijione wako mbali na hii hatari: katika michezo ya kuruka na kugeuka, kano ya msichana inakatika kwa urahisi kuliko ya mvulana.

La tatu, pesa. Kila mwanafunzi atoe pesa ya mkate mmoja wa mafuta kwa juma, mpaka safari ya Lubumbashi na ile picha ya goti zipatikane. Kupasuliwa ni kitu kikubwa, peke yetu hatutakiweza, lakini picha tunaweza kuanza nayo. Karani wa kila darasa aandike, na hesabu ibandikwe ku mlango kusudi kusiwe mafununo. Tulimtumia yule goti lake sezoni mbili bila kulipa kitu. Sasa tulipe kidogo.

La nne, tusimtupe. Mchezaji aliyeumia anaugua mara mbili: goti, na ile kuwa peke yake. Jana ulikuwa mfalme, leo watu wanapita pembeni yako wanaongea juu ya mwingine. Mimi naomba mwalimu wa michezo ampe kazi sezoni hii: aketi ku benchi, awafundishe wale wadogo wa ya pili na ya tatu namna ya kusimama mbele ya goli, namna ya kumngoja mlinzi afanye kosa. Ile akili yake haikukatika. Ni kano tu iliyokatika.

Na kwako wewe, namba tisa wetu, kama unasoma hii ukurasa. Hakuna mtu hapa anayeweza kukuahidi kama utarudi vile ulivyokuwa. Nonda hakufunga tena 26. Lakini alirudi, akafunga, akashinda kombe, na leo tunamtaja. Masomo yetu haitakuwa kiwanja chako cha mwisho kama leo unakubali kuketi. Ukikataa kuketi, inaweza kuwa hivyo kweli. Fanya mazoezi ya paja kila asubuhi vile munganga alikuonyesha, soma kwa ajili ya Egzamen, na siku wakikuita kwa jina kutoka pembeni ya kiwanja, ujifanye kiziwi.

Na sisi wengine, wapiga ngoma na wapiga filimbi, kazi yetu sezoni hii ni ngumu kuliko ya wachezaji. Kazi yetu ni kunyamaza. Tukifungwa 2-0 Fungurume, na dakika zinabaki kumi, na yeye ameketi pale ku benchi na viatu vyake vya kutembelea, mtu asianze kuita namba tisa. Hata mmoja. Tuite wale walio ku kiwanja, majina yao pia wazazi wao waliwapa.

Asiyekubaliana nami aandike, gazeti lina nafasi.

Mwanafunzi wa ya tano